Ta Byabato na Milamula ya Kishanda

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Ndugu Bartholomayo Byabato, Mratibu wa Njia wa Mbio za Vibanjani, atakabidhi ufunguo wa stoo na kustaafu rasmi baada ya miaka ishirini na miwili ya utumishi. Katika muda wote huo hakuhama ofisi wala meza, na sisi tunaokaa naye tuna mashaka kama aliwahi kubadili kofia. Ni ile ya kitambaa cha kahawia, ambayo watu wa Kishanda huitambua ikiwa bado ng'ambo ya bonde.

Nimepewa kazi ya kuandika wasifu huu kwa sababu, kama alivyosema mwenyekiti wetu, mimi ndiye niliyegombana naye mara nyingi kuliko wote. Ni kweli. Mimi ni mtunza muda, na kazi yangu ni kuharakisha watu. Yeye ni mwomba njia, na mwomba njia akiharakisha ameharibu. Tumekaa chumba kimoja pale ofisini Miembeni, mjini Bukoba, tukagombania dirisha, feni na birika la chai. Leo ninapoiona meza yake imeanza kuwa tupu, najisikia vibaya kuliko nilivyotarajia.

Kwa wageni wa hafla hii ambao hawajawahi kuziona, Mbio za Vibanjani hufanyika kila Julai huko Kishanda, wilayani Muleba. Waendesha baiskeli huanzia uwanja wa mpira, hushuka kwenye rweya, ile mbuga yetu ya nyasi, halafu huingia vibanjani: kati ya migomba na mibuni, nyuma ya majiko, kando ya mabanda ya mbuzi, hadi kijitoni, kisha hupanda kilima kurudi uwanjani. Ni njia nzuri ajabu. Tatizo lake ni kwamba hakuna hata kipande kimoja kilicho cha chama chetu, waandaaji wa mbio. Yote ni ardhi ya watu. Na kibanja si shamba tu. Ndani yake mna nyumba, mna chakula cha familia, na mna makaburi ya wazee. Kumwomba mtu apitishe hapo kundi la baiskeli zinazokimbia ni kumwomba jambo zito.

Ta Byabato, kama tunavyomwita kwa heshima ya Kihaya, alikuwa akiliomba jambo hilo kila mwaka upya, nyumba kwa nyumba, hata kwa wale ambao hawajawahi kumkatalia. Ruhusa alipewa kwa mdomo. Wakati fulani ofisi ilipendekeza wenye vibanja watie saini ili mambo yawe ya kisasa. Hakuna hata mmoja aliyeshika kalamu. Kwetu karatasi na ardhi vikikutana, mtu hapati usingizi. Wazo hilo tulilizika sisi wenyewe, na Ta Byabato akaendelea kupiga hodi.

Ndiyo maana alipotangaza kustaafu, hatukuanza kufikiria zawadi. Tulianza kujiuliza kama mbio zenyewe zitabaki. Ruhusa aliyopewa mtu kwa mdomo huondoka na mtu huyo. Nitalirudia jambo hili, maana ndilo lililotutia hofu tangu Aprili.

Kwanza nieleze alivyokuwa akifanya kazi. Alikwenda Kishanda na baiskeli yake nyeusi, lakini alipofika mwanzo wa vibanja aliiegesha barabarani, akaingia kwa miguu. Nilimuuliza kwa nini anajichosha. Akanijibu kwamba anayekwenda na baiskeli kuomba njia ya baiskeli ameshapita kabla hajaruhusiwa. Niliona ni maringo ya kizee. Baadaye nilikuja kuona kwamba watu walikuwa wakichungulia barabarani kuhakikisha baiskeli imebaki huko.

Kila nyumba alikaribishwa kahawa ya kutafuna, zile buni zilizochemshwa na kukaushwa, na kila nyumba alizitafuna. Mgeni wa Mhaya hakatai. Mkewe, Ma Jovina, amenihakikishia kwamba msimu wa mbio aliujua bila kuambiwa, kwa sababu mumewe alikuwa hafumbi jicho wiki tatu mfululizo. Vilevile ni Mlutheri pekee ninayemfahamu anayejua tarehe za komunyo ya kwanza na kipaimara za kila familia ya Kikatoliki ya bonde lile, na ole wake mtu wa ofisini aliyepanga mbio siku hiyo.

Hakuzaliwa akiyajua haya. Ta Byabato ni mtoto wa Miembeni. Baba yake aliuza vipuri vya baiskeli, na ndizi yeye alizijua zaidi zikiwa mezani. Mwaka wake wa kwanza kazini, bendera za kuonyesha njia zilichelewa kufika. Kwa kuwa ni mtu asiyependa kushindwa, alikwenda kwenye ua wa nyumba yake huko Bakoba, akakata fito za mlamula, akazipakia kwenye pikapu, na alasiri ile akazichomeka ardhini kwa mstari ulionyooka, kuanzia barabarani hadi kijitoni. Juu ya kila fito alifunga utepe mwekundu. Akarudi mjini ameridhika kabisa na akili yake.

Wenzangu Wahaya mmeshashika kichwa. Kwa wengine nieleze kwamba mlamula ndio mmea wetu wa mpaka. Mjini watu huupanda kwa urembo. Kijijini, ukionekana umesimama kwa mstari, maana yake ardhi imegawanywa na ndugu wameshuhudia. Haupandwi kwa mzaha, na mtu haung'oi peke yake.

Mstari ule ulipita katikati ya kibanja cha Ma Anatolia, mjane ambaye mumewe alikuwa hajamaliza mwaka tangu azikwe. Nyumba ikabaki upande huu, kaburi upande ule. Alfajiri mama alipotoka na kuona, aliamini kwamba shemeji yake Kamugisha, ambaye kibanja chake kinapakana na hicho, ameamua kumnyang'anya nusu. Kamugisha naye alipoona, aliamini kwamba shemeji yake ameuza nusu ya ardhi ya ukoo kwa mtu wa mjini, na utepe mwekundu ndio ukamhakikishia. Wawili hawa walikuwa hawasemeshani tangu msiba. Asubuhi ile walisemeshana sana.

Ta Byabato alifika akiwa na filimbi shingoni, amekuja kukagua fito zake. Anasimulia mwenyewe kwamba alipoona ukoo mzima umekusanyika, alidhani wamewahi nafasi nzuri za kutazama mashindano. Alipogundua kilichotokea, pikapu ilikuwa bado inanguruma, na angeweza kurukia ndani akaondoka. Alivua kofia, akasema fito ni zake. Ma Anatolia akamtazama kutoka juu hadi chini, akamuuliza: "Wewe ni mwana wa nani, hata usiujue mlamula?" Hadi leo Ta Byabato anasema hajawahi kuulizwa swali gumu kuliko hilo, hata kwenye usaili.

Wakamgombeza. Ma Anatolia alipochoka alipokea Kamugisha, na Kamugisha alipochoka alirudi Ma Anatolia, na katikati ya kupokezana huko wakajikuta wako upande mmoja. Wamempata mtu wa tatu wa kumgombeza, na ugomvi wao wenyewe ukakosa nafasi. Ta Byabato aling'oa kila fito kwa mikono yake huku ukoo ukitazama. Moja tu wazee waliamuru ibaki. Shemeji wawili wakaishika pamoja na kuichomeka upya kwenye mpaka wao wa kweli, iwe shahidi kwamba palitokea kosa, likakiriwa, na hakuna aliyepoteza ardhi. Wiki iliyofuata alirudi na lubisi, ile pombe yetu ya ndizi, akiwa na wazee wawili wa kumsemea, kama mtu mwenye adabu anavyoomba radhi.

Mwaka ule mbio hazikufanyika. Mwaka uliofuata, wa kwanza kuruhusu alikuwa Ma Anatolia, kwa sharti kwamba Ta Byabato mwenyewe asimame kando ya kaburi la mumewe, kuanzia baiskeli ya kwanza hadi ya mwisho, ili asiwepo wa kulikanyaga. Sharti hilo hakulivunja hata mara moja. Jua likawaka, mvua ikanyesha, yeye alisimama pale na kofia yake. Kwa hiyo mwandaaji huyu wa mbio hajawahi, tangu aajiriwe, kumwona mshindi akivuka mstari wa kumalizia. Matokeo huniuliza mimi kwa simu, kama mtu aliye Dodoma.

Sifa zake nyingine ni nyingi. Yeye ndiye aliyeweka kanuni kwamba mwendesha baiskeli akiangusha mgomba, Jumatatu arudi kibanjani kwa mwenyewe afanye kazi. Kuna bingwa wetu mmoja aliyeonekana akitandaza nyasi chini ya migomba ya watu akiwa na medali shingoni, kwa sababu alitaka mama mwenye kibanja ajue kwamba si mtu wa hivi hivi. Mama yule alimwongezea eneo.

Yeye pia ndiye aliyetuonya tusifanye mbio Novemba. Tulikuwa tumepata wageni wengi mwezi huo, tukamwona mzee wa kuogopaogopa, tukapanga. Nilikaa kwenye mstari wa kumalizia na saa yangu, nikasubiri hadi nikaanza kuitikisa saa. Hakuna mtu. Nikampigia. Akajibu kwa upole ulioniudhi mno: "Riyadhi, waitu, senene wameanguka." Washindani wetu wote wa Kagera, pamoja na aliyekuwa akiongoza, walikuwa wametupa baiskeli kwenye rweya na walikuwa wakijaza senene, wale panzi wetu wa kuliwa, ndani ya kofia zao ngumu. Mshindi alikuwa mgeni kutoka Shinyanga, ambaye hadi leo anaamini aliwaacha kwa mbio.

Sasa nirudi kwenye jambo la Aprili.

Mwezi huo Ta Byabato alimchukua Annastella Kahangwa, mwenzetu wa kitengo cha usajili atakayerithi nafasi yake, akampeleka Kishanda kumtambulisha. Waliegesha baiskeli barabarani, wakaingia kwa miguu. Kila nyumba walipewa kahawa, wakatafuna. Lakini Ta Byabato alipowaomba wampe Annastella njia kama walivyompa yeye, kila nyumba ilijibu neno moja: "Tutaona." Anayewajua watu wetu anajua kwamba hilo ni neno la adabu, na adabu hiyo haina ndiyo ndani yake.

Mwisho walifika kwa Ma Anatolia. Kibanja chake ndicho kinachofanya mbio ziwezekane, kwani kulia kwake ni kinamasi na kushoto ni mteremko wa mawe. Asipotoa njia yeye, hakuna njia. Mama, ambaye sasa anatembea na mkongojo lakini ulimi wake hauhitaji mkongojo, alimsikiliza Ta Byabato hadi mwisho, kisha akasema: "Wewe tulikugombeza, ndiyo maana tunakujua. Huyu bado hatujamgombeza."

Ta Byabato alirudi ofisini akakaa bila kuivua kofia. Sijawahi kumwona hivyo. Aliniambia kwamba kosa ni lake, kwamba aliomba vizuri mno, hadi njia ikawa yake badala ya kuwa ya mbio. Nilizoea kumtania kwa kila jambo, lakini siku ile nilimmiminia chai. Niliona mtu aliyefanya kazi maisha yake yote akihofia kwamba akiondoka, kazi nayo itaondoka naye.

Baadhi yetu tulimshauri aendelee kwenda Kishanda hata baada ya kustaafu, kimyakimya, kama mzee wa heshima. Alikataa. Akafanya jambo ambalo nadhani ndilo gumu kuliko yote aliyofanya katika utumishi wake. Aliacha kwenda. Annastella akaenda peke yake, na Ta Byabato akabaki Miembeni akipanga upya stoo ambayo ilikuwa imeshapangwa.

Annastella alikwenda bila kutaja mbio. Alisalimia watu, alihani msiba mmoja, alibeba maji. Siku moja alimkuta Ma Anatolia amepumzika, akaona amsaidie kupalilia nyuma ya nyumba. Alipalilia vizuri sana. Aling'oa magugu yote, na pamoja nayo miche yote ya tumbaku ya kunusa ambayo mama aliipanda kwa mkono wake na kuilinda dhidi ya mbuzi tangu mvua za kwanza.

Alimpigia Ta Byabato akiwa barabarani, analia. Alisema Ma Anatolia amemgombeza kutoka jikoni hadi barabarani kwa Kihaya ambacho nusu yake hajawahi kukisikia, na kwamba Kamugisha alisikia kelele akatoka kwake akaja kusaidia kugombeza. Alisema ameharibu kila kitu. Mimi nilikuwa pale. Ta Byabato alisikiliza kwa makini, akavua kofia, akaiweka mezani, akacheka hadi akashika meza. Kisha akamwambia: "Hongera, mwanangu. Sasa wanakujua."

Kesho yake Annastella alirudi na miche ya tumbaku aliyoitafuta Muleba nzima, pamoja na lubisi. Wa kumsemea hakwenda naye kutoka mjini. Alipitia kwanza kwa Kamugisha, akamwomba yeye ndiye amsemee kwa shemeji yake. Nimeambiwa mzee aliuvaa ule mzigo kwa fahari, akavaa na koti.

Mwanzoni mwa Juni Kamugisha alipiga simu, akasema Ta Byabato aende, aende na yule binti, na mtu wa saa naye asiachwe. Tulikwenda watatu. Tulipofika barabarani tuliegesha baiskeli kama kawaida, na hapo hapo tukaona. Kuanzia barabarani hadi kijitoni ilikuwa imepandwa milamula, safu mbili, upana wa kutosha baiskeli mbili kupishana. Kwenye kaburi safu zile zilijipinda kwa heshima, zikalizunguka kwa mbali, kisha zikanyooka tena. Fito zote zilikatwa kutoka ule mlamula mmoja wa mpakani, ulioachwa mwaka ule kuwa shahidi, ambao sasa umekuwa mti.

Ukoo ulikuwa umekusanyika, safari hii wote wamekaa. Ma Anatolia alisimama na mkongojo wake, akasema mbele ya mashahidi: "Ardhi ni yetu. Njia ni ya mbio. Ila hodi mtapiga kila mwaka, maana mlamula hautafuni kahawa." Halafu akamwelekezea Annastella mkongojo, akamwonyesha mahali pa kusimama siku ya mbio, kando ya kaburi.

Ta Byabato alivua kofia. Machozi yalimtoka, naye hakuyafuta, na wala mimi sikutazama pembeni. Nyumba nyingine zote zilitoa jibu kabla jua halijazama, na halikuwa "tutaona".

Ndugu yetu, chama kinakushukuru. Tunakushukuru kwa miguu yako, kwa subira yako na kwa kofia yako. Tunamshukuru Ma Jovina kwa misimu yote aliyokesha na mtu aliyeshiba kahawa. Mimi binafsi nakushukuru kwa kunichelewesha mara nyingi pale ambapo haraka yangu ingetugharimu. Mbio za mwaka huu zipo, Julai hii, na kiti chako kimewekwa kwenye mstari wa kumalizia, kando yangu. Ukae, umwone mshindi kwa macho yako. Tukikuta kiti kitupu hatutapiga simu kukutafuta. Tutajua uko bondeni, umesimama nyuma kidogo ya Annastella.

Tunakuombea afya njema, wajukuu wengi, na usingizi wa kutosha. Wakola, yaani asante, Ta Byabato. Umefanya kazi.

Limebaki neno moja ambalo si langu. Ma Anatolia ameniagiza nikusomee mbele ya watu wote: ukija kumsalimia, usiiache tena baiskeli barabarani. Panda, upite nayo mpaka mlangoni.

Riyadhi Muksini
Mtunza Muda, Mbio za Vibanjani
Miembeni, Bukoba